Mkono Unaopiga Hodi: Namna ya Kumtuliza Punda, Mbwa au Farasi Mwenye Woga

Kila ikikaribia tarehe 12 Januari simu yangu haipumziki. Usiku wa kuamkia Sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar fataki huanza saa sita, na asubuhi yake mtu ananipigia kwamba mbwa wake wa ulinzi ametoboa uzio wa makuti na hajulikani alipo. Mwengine punda wake kakata kamba, kaingia kwenye mihogo ya jirani. Fataki zikiisha yanabaki maswali ya mwaka mzima. Punda wa gari akisikia honi ya daladala anaganda katikati ya barabara. Mbwa akinyooshewa mkono anajikojolea. Farasi wa ufukweni, kusi likivuma, hakamatiki. Nimejibu sana kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, na kila mtu anasahau hatua ya tatu. Basi naandika.

Nitasema zaidi habari za punda, kwa kuwa ndiye tunayemtumia zaidi na ndiye anayeonewa zaidi. Mbwa nitampa sehemu yake. Farasi Unguja ni wachache, wengi wanapandisha wageni huko pwani, na yanayomfaa punda karibu yote yanamfaa yeye, isipokuwa pale nitakapowatenganisha.

Hii si kuchua

Sote tumekulia katika mikono ya kuchua. Ukiteguka mguu unapelekwa kwa bibi mwenye mafuta ya nazi na vidole kama koleo, unalia, unapona. Ukija na mkono ule kwa mnyama mwenye woga umemharibu. Hapa hatuutafuti msuli wala mfupa. Tunaisogeza ngozi tu, kidogo, kisha tunauondoa mkono tuone mnyama anasema nini.

Mtindo wa miduara nitakaouelezea ulianzishwa na Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha farasi. Mwaka 1975 alianza masomo San Francisco kwa Moshe Feldenkrais, mwalimu aliyewafundisha watu kuutumia mwili upya kwa harakati ndogo na mguso mwepesi, akaona yale yale anaweza kuyajaribu kwa farasi. Wenyewe wanauita TTouch. Mimi sina cheti chao. Nimechukua yanayofanya kazi huku kwetu, mengine nimeyaacha. Na nikwambie ukweli: jambo lililopimwa vizuri zaidi kuliko miduara ni kukuna tu. Mwaka 1993 watafiti Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha kazi yao juu ya farasi wa Camargue, Ufaransa. Farasi akikunwa mwisho wa shingo, karibu na mabega, pale farasi wenzake wanapopenda kumkuna kwa meno, mapigo ya moyo yalipungua. Akikunwa pengine, hayakupungua. Kwa hiyo mahali pana maana kuliko ufundi. Miduara mimi naipenda kwa sababu inanilazimisha niende polepole.

Kabla hujamgusa: je, ni woga au ni maumivu?

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa wiki nzima nikimpapasa punda mmoja wa kubeba mchanga, kule njia ya Mwera. Kila nikifika ubavu wa kushoto anarusha teke. Nikasema huyu kazoea kupigwa. Siku ya nane mwenyewe akafungua mkanda wa tumbo kuubadilisha, tukaona ncha ya waya imetokeza ndani ya tairi lililoshonewa mkanda ule, na chini yake kidonda cha ukubwa wa shilingi. Wiki nzima nilikuwa nambembeleza mtu aliyechomwa na waya.

Basi kagua kwanza, kwa macho. Vidonda vya mkanda, tandiko au shogi. Kwato zilizorefuka mpaka zikapinda. Jicho linalotoa machozi. Chakula kinachodondoka mdomoni akitafuna, hiyo ni dalili ya meno. Kwa mbwa, angalia kupe masikioni na kati ya vidole, harufu mbaya ya sikio, namna anavyoinuka akiwa amelala. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, jana mpole leo mkali, muite bwana mifugo kwanza. Punda hasa ni mficha maumivu: anaweza kuumwa kweli na akasimama kimya kama anasubiri daladala.

Mbwa usiyemjua, mbwa wa mitaani, au mbwa yeyote asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa, usimfanyie mazoezi haya. Chanjo ipo, ulizia kwa bwana mifugo wa wilaya yako, na siku ya kampeni ikitangazwa kwenye shehia mpeleke. Akikung'ata au kukuparura, hata kidogo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku ile ile ukaulizie sindano. Usisubiri kuona mbwa ataumwa au vipi. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni mauti.

Vitu vya kuwa navyo

Havina gharama. Kamba laini ya mita 2 au 3 (ya makumbi inakwaruza, tafuta ya pamba) na hatamu isiyobana pua. Ufito wa kama mita moja, ncha yake moja umeifunga kitambaa. Leso kuukuu au bendeji pana ya kunyumbuka kwa ajili ya mbwa. Viatu vya kufunika vidole, tafadhali, si kandambili. Kwato ikikukanyaga utanikumbuka. Mtu wa pili wa kushika kamba, mtu mtulivu, si yule rafiki yako anayecheka kwa sauti.

Kata kucha, vua pete. Na siku hiyo usijifukize udi wala kujipaka mafuta mazuri. Pua ya mnyama si kama yako, marashi ya arusini yanampigia kelele.

Muda: dakika 10 mpaka 15, basi. Wakati: asubuhi mapema au baada ya alasiri. Mchana wa kaskazi mbwa atahema kwa joto na wewe utadhani ni woga. Mahali: chini ya mwembe au mkarafuu, ardhi isiyoteleza, pasipo watoto wa skuli wanaopita. Kama punda wako ana mwenzake, mwache mwenzake aonekane. Punda hushikamana wawili wawili, na kumtenga na rafiki yake ni woga mpya juu ya woga wa zamani.

Swali la tahara

Je, ukimgusa mbwa udhu unatenguka? Hili naulizwa kila mara, tena kwa kunong'onezwa, kwa hiyo nalijibu wazi. Kumgusa mbwa hakutengui udhu. Suala ni najisi. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi wetu Unguja na Pemba, kikavu kikigusana na kikavu hakuna kinachohama. Kukiwa na majimaji, yaani mate, jasho la mkono wako au manyoya mabichi, unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Ukitaka ufafanuzi zaidi muulize sheikh wako, mimi ni mtu wa punda. Kwa upande wa kazi: weka nguo maalumu ya mbwa, mfanyie akiwa mkavu, vaa glavu za kitambaa au mpapase juu ya leso. Mguso wa juu ya leso unafanya kazi vizuri, tena mbwa wengine wanaupenda zaidi. Na mbwa wa ulinzi anayekutunzia shamba ana haki ya kutotetemeka usiku kucha.

Hatua kwa hatua

1. Mtazame dakika mbili bila kumgusa. Farasi mwenye woga utamjua: kichwa juu, pua zimetanuka, jicho linaonesha weupe, miguu inacheza. Punda hafanyi hivyo. Punda mwenye woga *anaganda*. Masikio yote mawili yameelekea upande mmoja, kidevu kimekaza, mdomo umebanwa, mkia umegandamana na matako, na miguu minne kama imepandwa. Watu wanauita ukaidi, wanachukua bakora. Lakini punda akisimama hivyo anafikiri, hajakijua kilicho mbele yake, na kwake yeye kusimama ndiyo busara. Ukimpiga, sasa ana vitu viwili vya kuogopa, na cha pili ni wewe. Mbwa naye ana lugha yake: anapiga miayo wala hana usingizi, analamba midomo wala hakuna chakula, anageuza uso huku jicho limebaki kwako, mkia umeingia tumboni. Mbwa anayenguruma, au aliyekauka kabisa huku amekukodolea macho, mwache kwa leo.

   Hesabu pumzi kwa kuangalia ubavu. Akiwa ametulia, punda hupumua kama mara 20 kwa dakika, farasi mara 8 mpaka 16, mbwa mara 10 mpaka 30. Ikumbuke namba uliyoipata, utaihitaji mwisho.

2. Simama pembeni. Kwa punda na farasi, usawa wa bega la kushoto, uso wako ukielekea alikoelekea yeye. Usisimame mbele, wala nyuma. Msaidizi anashika kamba ikiwa imelegea. Asiifunge kwenye mti na asijizungushie mkononi hata mzunguko mmoja. Punda akishtuka, kamba iliyozungushwa huondoka na vidole. Kwa mbwa, chuchumaa ubavu wako ukiwa kwake, usimwinamie kwa juu, usimtazame machoni. Na usianzie kichwani! Sisi hubembeleza watoto kwa kuwapapasa utosi, lakini mkono unaomshukia mbwa kutoka juu ya kichwa anauona kama kofi.

3. Piga hodi. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa. Weka mgongo wa mkono, si kiganja, kwenye bega lake. Hesabu mpaka tatu. Ondoa mkono kabisa, ushushe, subiri.

   Sasa sikiliza kama umeitikiwa. "Karibu" ya mnyama ni hizi: anashusha kichwa, anapepesa jicho, anapuliza pua, anakusogelea, sikio moja linakugeukia na kulegea. "Sina nafasi" ni hizi: kichwa kinapanda, ngozi inacheza kama ameguswa na nzi, anahamisha uzito upande wa pili, anaondoka. Kukauka kimya *si karibu*. Mwenye nyumba aliyenyamaza hajakukaribisha.

   Hodi ni mara tatu, kama tulivyofundishwa. Usipoitikiwa mara ya tatu, unarudi. Kwa maana halisi: unaondoka, unarudi kesho. Nimewahi kupiga hodi siku sita kwa punda mmoja wa Jambiani aliyekuwa akivuta magunia ya mwani. Siku ya saba alikuja mwenyewe akaniwekea bega.

4. Pitisha kiganja. Akishakaribisha, fungua kiganja na ukipitishe kutoka katikati ya shingo mpaka mwisho wa mgongo, kufuata ulalo wa manyoya, uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Mkono mmoja unapita, wa pili umetulia begani, ili ajue ulipo. Toa pumzi wakati mkono unapita. Utajikuta umebana pumzi, kila mwanafunzi hubana, na mnyama anakusikia. Mara tano au sita zinatosha.

5. Mkune pale pake. Pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega na kushuka kidogo upande wa shingo. Kwa ncha za vidole, kuna kama unavyokuna nazi laini, si kama unavyokwangua ukoko. Ukipapata, punda hunyoosha mdomo wa juu, unachezacheza, wengine hugeuka wakutafune shati. Hakuumi, anakurudishia wema kama angemrudishia punda mwenzake. Sogeza uso, usimpige. (Asante ya punda ni mateke, wanasema. Mimi asante yake imenigharimu mashati manne.) Wengine wanaishia hapa tu kwa wiki mbili za mwanzo, na ni sawa kabisa.

6. Duara na robo. Ufikirie uso wa saa ya ukutani juu ya ngozi yake. Anzia chini, kwenye namba 6. Nasema *namba* iliyoandikwa, maana sisi mshale ukifika pale tunasema ni saa kumi na mbili, na nimeshaona mtu anaanzia juu kwa ajili hiyo. Weka ncha za vidole vitatu, dole gumba limeegemea. Isogeze ngozi kwa mduara kama mishale inavyokwenda: kutoka 6 kupanda kwenye 9, juu 12, kushuka 3, kurudi 6, kisha endelea mpaka 9 tena. Hapo simama, vuta pumzi, ondoa. Sogea upana wa kiganja kimoja, fanya nyengine. Duara moja lichukue sekunde mbili hivi.

   Vidole visiteleze juu ya manyoya. Ngozi ndiyo inayokwenda pamoja na vidole. Uzito wake? Funga jicho lako, weka kidole juu ya kope, usogeze ngozi ya kope bila kuhisi mboni inabanwa. Ndio huo, au zaidi yake kidogo tu. Anzia begani, panda shingoni, shuka mgongoni. Duara moja kila mahali, usirudierudie pale pale kama unasaga.

7. Masikio. Kwa mbwa na punda hapa pana raha kubwa. Lishike sikio tangu shinani, dole gumba upande mmoja na vidole upande wa pili, ulitelezeshe polepole mpaka nchani. Kila mpitisho pita mahali tofauti kidogo, mpaka sikio zima limepitiwa. Lakini uliza historia yake kwanza. Wapo wanaowashika punda kwa kuwasokota masikio wasimame, na punda aliyefanyiwa hivyo akiona mkono unakwenda juu atakukimbia. Huyo mfanyie shingo tu, ukaribie sikio kidole kimoja kila siku.

8. Miguu ya mbele, kwa punda na farasi pekee. Akiwa ametulia kweli, zungusha viganja viwili juu ya mguu wa mbele karibu na kwapa, mmoja nje mmoja ndani. Inua ngozi na nyama kidogo, nusu inchi, usikamue. Shikilia sekunde nne, shusha. Kushusha kuwe polepole kuliko kuinua, hapo ndipo wanapotoa pumzi. Teremka kiganja kimoja kimoja mpaka gotini. Kaa umesimama ukiwa umeinama, usipige magoti wala kuchuchumaa chini ya mnyama. Miguu ya nyuma na mkia waachie waliozoea.

9. Ondoka kabla hajakuchoka. Dalili kwamba umefika: mdomo wa chini umelegea, anatafunatafuna bila chakula, amepumzisha mguu mmoja wa nyuma, anapiga chafya au kujikung'uta mwili mzima. Hesabu pumzi tena, linganisha na ile namba. Pitisha kiganja mara moja ya mwisho, rudi nyuma hatua mbili, mpe maji. Usimvishe mkanda wa gari dakika ile ile, maana atafikiri mapenzi yote yale yalikuwa mtego.

Leso ya kifuani, kwa mbwa

Kwa mbwa wa radi na fataki hii inasaidia wengi, si wote. Kunja leso iwe ukanda wa upana wa kiganja. Katikati ya ukanda iweke kifuani. Ncha mbili zipande juu ya mabega, zipishane mgongoni, zishuke nyuma ya miguu ya mbele, zipishane chini ya kifua, zipande tena, ufunge fundo *pembeni*, lisikae juu ya uti wa mgongo. Vidole viwili vipite chini yake kwa urahisi. Mpitishie leso akiwa ametulia, dakika tano siku ya kwanza, mpaka 20 baadaye. Usimwache peke yake akiwa amefungwa, atanasa au ataila. Akisimama kama sanamu hataki kutembea, fungua, hakuipenda. Joto likizidi, fungua.

Wiki nne kabla ya fataki

Mkono hauwezi kuanza kazi usiku wenyewe. Anza katikati ya Disemba, dakika kumi kila siku, saa ile ile, mahali pale pale utakapomweka usiku huo. Mbwa: chumba au banda lenye kuta, mlango uliofungwa, maji, redio ikisema kwa sauti ya chini. Mtembeze kabla ya magharibi ili haja yake imalizike. Punda: mtoe kwenye kamba ndefu ya malishoni umweke zizini na mwenzake; kamba ndefu na fataki ni shingo iliyovunjika. Milio ikianza, kaa naye. Akitaka umguse, mguse kwa hatua ya 4. Akitaka kujificha uvunguni, mwache. Usimvute nje "azoee", hazoei, anajifunza tu kwamba wewe ndiye unayempeleka kwenye moto. Na wanaosema ukimbembeleza mbwa mwenye woga unamzidishia woga, wamekosea: woga si mchezo anaoucheza apewe zawadi. Siku za Idi, zile baruti za watoto uwanjani, utaratibu ni huo huo.

Ikikwama

*"Nimefanya wiki nzima, hajabadilika."* Rudi kwenye ukaguzi wa maumivu. Kisha jitazame mkono: mara nyingi ni mzito, au ni wa haraka. Mwambie mtu akupige video kwa simu, utashangaa.

*"Haniruhusu kumkaribia kabisa."* Tumia ufito. Mwoneshe, mwache aunuse, kisha ile ncha yenye kitambaa ipitishe kidarini na kwenye miguu ya mbele ukiwa umbali wa mkono na ufito. Kama alipigwa sana, ufito wenyewe utamtia kiwewe. Utupe mbali akiona, ukae chini karibu na majani anayokula, usifanye kitu. Kukaa nako ni kazi.

*"Ametulia nyumbani, akifika barabarani ni yale yale."* Bila shaka. Nyumbani si barabarani. Mpeleke bila gari mpaka pale anapoanza kuinua kichwa, si zaidi ya hapo. Piga hodi, kuna, rudi. Kesho hatua kumi mbele. Ukimlazimisha kupita siku moja kwa sababu mchanga unasubiriwa, umeanza upya.

*"Mbwa ananiletea tumbo, amelala chali."* Si kila chali ni mapenzi. Mwili ukiwa umelegea na mkia unafagia chini, mpapase kifua. Mwili ukiwa umekauka, mkia umebanwa, anakuomba usimdhuru: ondoa mkono.

*"Farasi wetu anatulia kwangu, mgeni akipanda anaruka."* Kagua tandiko na mgongo, na uzito wa mgeni. Farasi asiyetaka kupandwa kusi likivuma mpumzishe siku hiyo. Najua biashara, lakini mgeni aliyevunjika mkono ni hasara kubwa kuliko safari moja.

*"Inafaa kwa ng'ombe wa gari?"* Pemba wananiuliza sana hili. Inafaa. Ng'ombe mkune chini ya shingo, ile ngozi inayoning'inia. Atanyoosha kichwa mwenyewe. Tahadhari na pembe, hata kwa mpole, akigeuka kufukuza nzi. Ng'ombe wa mchezo wa Kengeja, wale wanaochezwa uwanjani, muachie mwenyewe.

*"Sasa amezoea mno, ananiegemea mpaka ananisukuma ukutani."* Usimsukume, atakuegemea zaidi. Toka pale, nenda upande wa pili, na uanze tena na hodi. Safari hii mwenye kupewa nafasi ya kukataa ni wewe.